Kiti Alicholeta Mjomba

Mwanangu alirefuka kwa fujo. Kabla sijajipanga, kichwa chake kilikuwa kimefika ukingoni mwa kile kiti kidogo cha gari alichotoka nacho hospitali, na magoti yamempanda kifuani. Kijitabu cha kiti kilisema kichwa kikikaribia ukingo mtoto ahamishwe, basi, hakukuwa na mjadala. Nilikisoma nikiwa nimesimama kando ya gari, jua la mchana juu ya utosi.

Lazima nieleze kwa nini jambo la kiti lilininyima raha wakati wenzangu wengi hawana habari nalo. Mimi nafundisha chuo hapa Morogoro mjini. Baba wa mtoto yuko Turiani, kwenye mashamba ya miwa, na nyumba zetu mbili zimeunganishwa na barabara ya Dodoma: unatoka Msamvu, unakwenda mpaka Dumila, pale unakata kulia. Karibu kila mwisho wa wiki niko kwenye barabara hiyo, mimi na mwanangu peke yetu, malori mbele, mabasi nyuma yananiwashia taa nipishe. Sijawahi kuiendesha bila hasira. Nikiona basi linapita lori kwenye kona, na lori lenyewe linapita bajaji, mimi hutukana kwa sauti, na nina wasiwasi kwamba maneno ya kwanza mwanangu kuyaelewa vizuri yalikuwa yale.

Nilitaka kiti kinachogeuzwa. Kwa sasa mtoto angekaa akitazama nyuma, shingo yake ikiwa bado laini, na akifika uzito wake kiti kile kile kingegeuzwa atazame mbele, mpaka akaribie kuanza shule. Maelezo ni rahisi, kukipata ndiyo kazi. Nilizunguka maduka ya mjini nikiwa na futi ya fundi cherehani mkobani. Muuzaji mmoja alinionyesha kiti cha kulishia uji akaniapia kwamba kinafungwa kwenye gari bila shida. Mwingine alikuwa na kizuri cha rangi ya waridi, kimeshonwa vidubu, ila mkanda unaopita katikati ya miguu haukuwepo. Nilipomuuliza uko wapi, alisema mtoto mtulivu hauhitaji. Nilitoka dukani bila kuaga.

Gari langu nalo lilikuwa na mambo yake. Ni dogo, limetoka Japani likiwa limetumika, na vitabu vyote vimeandikwa kwa herufi nisizozijua. Nilipiga magoti kiti cha nyuma nikapenyeza vidole kwenye mfereji kati ya mgongo na kikalio, nikitafuta vile vyuma viwili ambavyo viti vya watoto vya siku hizi hujishikiza navyo. Nilipata biskuti, kifungo cha shati, na mwishowe chuma. Nilifurahi kama mtu aliyeokota pete.

Watu wakisikia natafuta nini walikuwa na maneno. Mwalimu mwenzangu aliniambia sisi wote tulipakatwa mapajani na tumekua. Nikamjibu kwamba ambao hawakukua hawapo hapa kutusimulia. Mama yangu ndiye aliyechoka nami zaidi. Kila akimwona mjukuu wake amefungwa akitazama nyuma, alikunja uso.

"Sasa mtoto wa watu anasafirishwa kinyumenyume," alisema. "Hata mbuzi wa mnadani anaona anakopelekwa."

Nilimweleza habari za shingo na kichwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama nimemaliza, akaenda kuchambua mchicha.

Katikati ya pilikapilika hizo kaka yangu alinipigia simu. Ni mkubwa wangu, tumbo moja, ana duka la spea za mtumba pale Dumila, karibu na njia panda: taa za gari, vioo, redieta, na milango imesimamishwa ukutani kama vitabu. Kaka si mtu wa maneno mengi. Hata kwenye simu unaweza kudhani laini imekatika, kumbe anafikiri.

"Nimesikia unatafuta kiti cha mtoto," alisema.

"Kweli kaka. Nahangaika."

"Usinunue. Kiti ninacho. Nilikuwa nasubiri akue."

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba anaheshimiwa, anakula kuku wake, lakini jambo kubwa la mtoto halipiti bila mjomba. Mume wangu ni mtu wa Singida, na ilimchukua muda kuelewa kwamba siku binti yake atakapoletewa posa, yeye atakaa pembeni akinywa chai huku shemeji yake akizungumza. Kwa hiyo kaka aliposema kiti ni juu yake, sikuwa na la kuongeza. Nilishukuru kwa moyo wote. Hata usiku ule nililala vizuri, kwa sababu nilijua mtu wa spea anajua vitu vya gari.

Alisema atakileta nyumbani kwa mama, Matombo, mbele ya watu. Nilipaswa kushtuka hapo. Kitu cha mtoto cha kawaida mtu anakukabidhi njiani ukipita, ila hiki alitaka kiwe na mashahidi.

Jumamosi hiyo nilipanda milima na mwanangu ndani ya kile kiti kilichombana, nikizichukua kona za Kiroka polepole. Mume wangu alikuwa zamu, hakuja. Nilikuta jamvi limetandikwa uani, mama zangu wadogo wamekaa, majirani wawili watatu, na harufu ya pilau. Kaka alikuja na gari la rafiki yake. Alishusha mzigo mkubwa uliofungwa kwa khanga mpya, akauweka mbele ya mama, naye mama akafungua fundo.

Kilikuwa kiti kizuri. Nasema kweli, kilikuwa kizuri kuliko vyote nilivyoviona mjini. Kilikuwa cha Ulaya, kizito, cha kugeuzwa, kina mkanda wa katikati na mito ya kichwani. Kaka alikuwa amekifua mpaka kitambaa kinanukia sabuni. Mama alikipapasa kwa viganja vyote viwili. Mimi nilikuwa nimeshapiga magoti, furaha imenijaa, nakigeuza nione chini.

Kisha kaka akasimama na kusema. Yeye, ambaye harusini kwake alimwachia rafiki yake atoe shukrani.

"Kiti hiki si cha kuokota," alisema. "Kilipata ajali mbaya pale barabarani kwetu, na mtoto aliyekuwemo alitoka mzima, hata mchubuko hana. Nimekitunza tangu siku hiyo. Watu wamekitaka, nimekataa. Nilisema hiki ni cha mpwa wangu, kwa sababu kimeshajaribiwa."

"Mashaallah," wakaitikia akina mama, na mama yangu akafuta macho kwa ncha ya khanga.

Mikono yangu ilikuwa bado chini ya kiti. Kwenye ganda la plastiki, karibu na pale mkanda unapopenya, niliona mstari mweupe, mwembamba, kama alama ya kucha kwenye sabuni. Plastiki ikipindishwa kwa nguvu huacha weupe huo. Nikafuata mkanda kwa vidole. Mahali pa bega ulikuwa umekatwa kabisa, ukaungwa tena kwa uzi mnene mweusi, mishono ya karibukaribu, kazi safi ya fundi viatu. Nilipoivuta, ilishika. Ningeweza kuamini kwamba inatosha, kama nisingekuwa nimesoma niliyoyasoma.

Kiti cha namna hii hutengenezwa kwa ajali moja. Kikishapokea pigo kimemaliza, hata kama kinaonekana kipya. Ganda lina nyufa za ndani, mkanda umeshavutika, na pigo la pili litampata mtoto mwenyewe. Kila kijitabu kinasema hivyo. Kwa kaka na kwa watu wote waliokaa jamvini, mambo yalikuwa kinyume: kitu kilichookoa kimethibitika, kina baraka, na asiyekitaka anataka nini.

Ningeweza kunyamaza. Ningekipokea, nikakifunga kwenye buti, nikamaliza jambo kesho yake kwa simu. Mtu mwenye busara angefanya hivyo, nami nimeambiwa hivyo mara nyingi tangu siku ile. Lakini mama alikuwa ameshamnyanyua mtoto, anataka kumkalisha humo watu waone, na kaka alikuwa anasema leo nitashuka nacho, yeye mwenyewe atakifunga kabla sijaondoka. Niliziona zile kona za Kiroka, na mabonde chini yake, na lori linapanda.

"Kaka, ahsante," nilisema. "Lakini mwanangu hatakaa humu."

Alidhani hajanisikia vizuri. Nikarudia. Nikaeleza habari ya ajali moja, nikaeleza mstari mweupe, na nilipoona hakuna anayenielewa sauti yangu ikapanda kama niko darasani na wanafunzi hawajasoma. Nikasema kiti kile hakifai kupewa mtoto yeyote, si wangu tu.

"Kikatwe mikanda kitupwe," nilisema. "Kisije kikampata mwingine."

"Kikatwe mikanda," kaka alirudia, polepole. Alitazama mikono yake, kwanza viganja, kisha nyuma ya viganja. Aliinama, akakifunga kiti kwenye khanga, fundo kwa fundo, akakirudisha garini. Pilau hakula. Nilisikia gari likiteremka.

Mama alinifuata jikoni.

"Umemvua nguo kaka yako mbele za watu," alisema.

"Mama, ni mtoto huyu. Akifa nitamwambia nini Mungu, kwamba niliona aibu?"

"Na akikua bila mjomba, utamwambia nini yeye?"

Nilikasirika zaidi. Jioni niliteremka mlima nikiwa nimeng'ang'ania usukani hadi vidole vikafa ganzi. Mama hakutoka kutuaga.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya. Kaka hakupokea simu zangu. Nikipita Dumila napunguza mwendo mbele ya duka lake, naye akiliona gari anaingia ndani. Mara moja tulitazamana kabisa, yeye ameshika kioo cha pembeni cha gari, akageuza uso kama nilikuwa mteja asiyelipa. Nikaongeza mwendo kuelekea Turiani.

Mume wangu alikuja na suluhisho. Alisema tukubali kile kiti, tukikaribia Dumila tukifunge mtoto aonekane humo, tukishapita tukitoe.

"Na ajali nayo itasubiri tupite Dumila?" nilimuuliza.

Alisema yeye ni mgeni katika ukoo wetu na anajaribu tu kusaidia. Tulikula chakula cha usiku, mtoto katikati yetu akijipaka ugali nyweleni.

Nilikwenda Dar kutafuta kiti kipya. Nilipanda treni asubuhi nikiwa na vipimo vya gari, vya mtoto, na ile futi. Nilikipata duka la tatu, kwa bei ambayo sitaitaja kwa sababu mama anaweza kuja kusomewa maneno haya. Kilikuwa kwenye boksi lililofungwa, tarehe ya kutengenezwa imechongwa kwenye plastiki, mikanda yote ipo. Nilirudi nalo nimelikumbatia, mtu niliyekaa naye akauliza kama nimenunua televisheni. Kesho yake nilikifunga mwenyewe, goti limekandamiza kikalio, jasho linanitoka, nakitikisa na kukaza tena mpaka kikatulia. Mwanangu aliingia akanyoosha miguu juu ya mgongo wa kiti cha gari, akaniangalia kama bibi aliyepewa kigoda kinachomfaa. Nilistahili kufurahi.

Siku hiyohiyo mama alipiga simu.

"Kaka yako amesema hana mpwa," alisema. "Amesema mwenye elimu alee mwenyewe."

Kwa mtu wa mbali ni maneno ya hasira tu, yatapoa. Kwetu si hivyo. Mtoto asiye na mjomba ana nafasi tupu upande mmoja wa maisha yake: kwenye posa hakuna wa kusema, kwenye ugomvi hakuna wa kumkimbilia, na siku ya msiba wake au wangu watu watatazamana wakiulizana nani aanze. Kaka ni mmoja tu. Sina mwingine wa kumpa. Niliweka simu chini, na kwa mara ya kwanza nilijiuliza kama nimemlinda mwanangu na jambo moja huku nikimvunjia jingine. Hata hivyo kile kiti nisingempa. Nilijiuliza tena na tena, jibu likawa lile lile.

Ijumaa iliyofuata nilipofika Dumila sikupitiliza. Niliegesha mbele ya duka, chini ya kivuli cha turubai la jirani, nikaacha milango wazi mtoto apate hewa, nikaingia. Kaka alikuwa peke yake, anasafisha kabureta kwa mswaki.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba," alijibu bila kuinua macho.

Kiti kilikuwa juu ya rafu ya mwisho, bado ndani ya khanga. Nilikuwa nimeandaa hotuba njia nzima. Ilipotea yote, nikabaki na swali moja ambalo halikuwemo.

"Ule mkanda aliukata nani?"

Mswaki ulisimama. Nilidhani atanifukuza.

"Niliukata mimi," alisema.

Akanisimulia akiwa ameinamia kabureta. Ilikuwa mchana, lori liliacha njia yake likalisukuma gari dogo mtaroni, mbele kidogo ya njia panda. Watu wa vibanda wote walikimbia, ila yeye alitangulia, ana kile kisu cha kuchania tyubu za tairi wanazofungia mizigo. Mbele alikuwa mwanamke, dashibodi imemkalia miguuni, anaongea. Alimwambia kaka aanze na mtoto. Kaka akaingia nyuma.

"Mtoto analia, mzima kabisa, lakini amefungwa," alisema. "Navuta, haufunguki. Nazungusha, haufunguki. Nikaanza kukata. Ile mikanda ni migumu, usione hivi. Nakata huku naogopa kumkata yeye. Mama yake ananiuliza, umemtoa? Namwambia bado. Ananiuliza tena. Namwambia bado, mama, bado kidogo."

Alinyamaza kwa namna yake, ile ya simu, ila safari hii sikudhani laini imekatika.

"Nilipomtoa nikageuka nimwonyeshe. Alikuwa ameshanyamaza. Watu wakasema labda tungeinua dashibodi mapema, labda. Mikono yote ilikuwa huku kwangu, inanishikia mtoto."

Ndugu wa marehemu walikuja wakamchukua mtoto. Gari liliuzwa kama chuma chakavu, na kaka alikwenda mwenyewe kutoa kile kiti, akampelekea fundi viatu aunge palipokatwa. Yaliyompata yeye mle ndani hakumwambia mtu, hata mke wake. Alisema alikiweka juu ya rafu kwa sababu ilikuwa ndiyo sehemu pekee ya siku ile iliyokwenda vizuri.

Nilikuwa nimemwambia mtu huyu, mbele ya mama yake, kwamba kikatwe mikanda kitupwe.

"Kaka, sikujua."

"Ungejuaje?" alisema. "Lakini bado hukitaki."

"Bado sikitaki."

Alicheka kidogo, puani. Nilimwambia habari ya chungu. Chungu kikianguka kisivunjike, mama hakibandiki tena motoni, kwa sababu ufa upo hata kama hauonekani, na siku mchuzi umechemka ndipo utauona. Alifikiri.

"Anawekea mbegu za mahindi," alisema.

"Basi na hicho kikae na mbegu. Kisibebe mtoto."

Akaitikia kwa kichwa. Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kisha akatoka nje bila kusema anakwenda wapi, nami nikamfuata. Alisimama kwenye mlango wa nyuma wa gari akamwangalia mpwa wake aliyekaa akitazama nyuma, kisigino kimoja mdomoni. Mtoto naye alimwangalia. Kaka akakigusa kiti kipya, akakitikisa kwa nguvu za mtu wa gereji, hakikucheza. Nikaona amependa.

"Mtoe nimshike," alisema.

"Mtoe mwenyewe, mjomba wake."

Aliinama ndani. Aliupata mkanda wa bega akauvuta. Akauvuta wa pili. Akapeleka mkono nyuma ya kiti kutafuta mwanzo wake, na nilimwona shingo imetoa jasho ghafla, pumzi zimekuwa fupi, na hapo ndipo nilipoelewa ninachokitazama. Nilisema haraka, ili tu atoke mahali pale alipokuwa.

"Hapo katikati kaka, tumboni kwake. Hicho chekundu. Kibonyeze kwa dole gumba."

Alikibonyeza. Kilitoa mlio wa ka, na mikanda yote ikaachia kwa pamoja, ikaanguka kando ya mtoto.

Hakumnyanyua. Alichukua vyuma viwili vya ncha za mikanda akavirudisha mahali pake, vikashika. Akabonyeza tena, vikaachia. Akafunga, akabonyeza. Mtoto alidhani ni mchezo, akacheka, akaweka mkono wake juu ya mkono wa mjomba.

"Ni hiki tu?" kaka aliuliza. Hakuniangalia. "Ni kubonyeza tu?"

Nilikuwa nimekisoma kijitabu cha kiti kile kipya mpaka kurasa zake zimelegea. Kimeandikwa kwamba kifungio kimetengenezwa kwa makusudi ili mtu yeyote, hata asiyekijua, aweze kukifungua kwa kidole kimoja baada ya ajali. Kuna mchoro.

"Kwenye ajali kinakwama," nilisema. "Kikipata pigo kama lile hakifunguki, kaka. Lazima ukate. Ulifanya sawasawa."

Niliyasema kwa ile sauti yangu ya darasani, ambayo watu wa kwetu wote wanaichukia kwa sababu haikosei. Alinigeukia, akanitazama machoni kwa muda mrefu, kama anayesoma bei.

"Imeandikwa hivyo?"

"Imeandikwa."

"Haya," alisema.

Alibonyeza mara moja zaidi, akamtoa mwanangu, akamlaza begani, akaondoka naye kuelekea dukani akimwonyesha taa za magari. Mimi nilibaki nimeushika mlango. Kijitabu kilikuwa kwenye mfuko wa nyuma ya kiti cha dereva, na kaka anajua kusoma. Nilikichukua, nikauchana ule ukurasa wenye mchoro, nikaukunja, nikautia kwenye sidiria yangu kabla sijaingia ndani kumwomba maji ya kunywa.